Jibu: Bado nijifunze Python au AI inatosha?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wakati AI (akili bandia) inaandika yenyewe kodi, yaani maagizo ya programu, na kama ulipie GitHub Copilot, zana ya AI ya kusaidia kuandika kodi. Jifunze, tena kwa bidii. Kulipa subiri kwanza: tangu Desemba 2024 Copilot ina kifurushi cha bure chenye kikomo cha matumizi kila mwezi, na kwa anayeanza kinatosha.

Zana hizi hukisia kodi inayoelekea kufaa kutokana na kodi nyingi zilizofundishiwa. Ndiyo maana wakati mwingine zinakuitia maktaba (mkusanyiko wa kodi iliyoandikwa tayari) ambayo haipo kabisa, na kwa kujiamini. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilizuia majibu ya ChatGPT Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, kwa kuwa mengi yalionekana sahihi kumbe yana makosa. Zimeboreka sana tangu hapo, hilo halina ubishi.

Lakini chukua mfumo wa duka unaopokea malipo kwa simu. Taarifa ya muamala mmoja inaweza kuingia mara mbili mtandao ukisumbua. Programu isipokagua namba ya muamala, hesabu za mwenye duka zinaharibika, na hizo ni hela za watu! AI inaweza kukuandikia ukaguzi huo vizuri tu, ila lazima ujue kwamba unahitajika.

Kwa sasa andika kodi mwenyewe, kisha iambie AI ikukosoe mstari kwa mstari. Ukikwama popote weka kodi yako hapa, tutaiangalia pamoja.