Majani ya mkorosho: tuyachome au tuyaozeshe?

SWALI: Kila mwaka kabla ya kuokota korosho nafagia majani chini ya mikorosho na kuyachoma. Wazee wanasema majivu ni mbolea. Mbona mahindi ninayopanda katikati ya mistari yanazidi kudhoofu? – Msomaji, Newala

JIBU: Wazee wamesema kweli, ila majivu ni sehemu tu ya mbolea uliyokuwa nayo. Jani likiungua, naitrojeni yake, kirutubisho kinachokuza mmea na kuupa ukijani, karibu yote huondoka na moshi. Potasiamu, kirutubisho kingine, hubaki kwenye majivu, lakini huyeyuka upesi, na kichanga cha uwanda wa Makonde hupitisha maji kama chujio. Mvua za Desemba zikikolea, huizamisha chini kuliko mizizi ya mahindi inakofika. Mizizi ya mkorosho huenda chini zaidi, ikapandisha sehemu ya virutubisho hivyo hadi kwenye majani. Majani hayo ndiyo unayoyatia kiberiti.

Kama unapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ujue pia kwamba bakteria wa udongoni huigeuza kuwa asidi, na asidi huongeza upotevu wa kalsiamu. Hapa majivu ya jikoni yanafaa, kwa kuwa hupunguza asidi. Ila usiyachanganye na samadi mbichi: naitrojeni yake itapaa kama hewa ya amonia, ile inayochoma pua.

Endelea kufagia, maana korosho lazima zionekane. Ila majani yapeleke kwenye shimo lenye kina cha sentimita 60 hivi, nje ya kivuli cha miti. Yakatekate kwa panga, kwani ni magumu na huoza polepole. Panga tabaka la majani la sentimita 20, juu yake samadi ya mbuzi sentimita 5, au majani mabichi ya mbaazi, hadi lijae. Funika kwa udongo, moto usije ukalifikia. Maji ya Newala ni ya shida, basi subiri mvua zilowanishe, kisha geuza kila baada ya wiki tatu. Kamua konzi moja: ikishikamana bila kuchuruzika, unyevu unatosha. Likinuka vibaya, maji yamezidi na hewa haipiti. Geuza, ongeza majani makavu.

Usifukie majani ya mkorosho ambayo hayajaoza moja kwa moja kwenye shina la mahindi. Vijidudu vinavyoyaozesha vitachukua naitrojeni ya udongo kwanza, na mahindi yatageuka manjano. Msimu unaofuata, mboji, yaani mbolea ya shimo hilo, ikiwa nyeusi na majani hayatambuliki tena, weka konzi mbili kwa kila shimo la mbegu.