Kabla Hujasaini Kazi ya Taasisi ya Kanisa, Uliza Bima Inalipia Nini

Jumanne iliyopita nilitoka zamu ya usiku, nikafungua simu nikiwa kwenye gari, nikakuta ujumbe wa msomaji. Nimemwomba ruhusa niuweke hapa bila jina lake.

"Shikamoo dada. Nimepata kazi hospitali ya Wakatoliki hapa Ohio, naanza wiki mbili zijazo. Mshahara ni mzuri na bima ni ya familia nzima. Ila mama mmoja wa Kikongo niliyefanya naye kazi zamani ameniambia bima za hospitali za Kanisa hazilipii uzazi wa mpango. Nina watoto wawili, mdogo ana miezi mitano. Nisaini au nisisaini?"

Nilikaa kwenye maegesho karibu nusu saa. Sikuwa na usingizi tena. Mdogo wangu, ulichoniuliza ndicho ambacho mimi sikumwuliza mtu yeyote Januari 2021, na nililipa kwa kutouliza.

Nianze nilikotoka. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, Kilimanjaro, nimebatizwa pale, nimepata kipaimara pale, na hadi leo Jumapili siikosi misa isipokuwa zamu inibane. Sisemi haya kama mtu aliyegombana na Kanisa. Nyumbani tulikua tunajua milango. Zahanati ya serikali ilikuwa na nyota ya kijani ukutani, na kila mama alijua kwamba penye nyota ya kijani anapata vidonge, sindano, kijiti au kitanzi, bila kulipa. Hospitali ya misheni ilifundisha kalenda na kupima joto. Mwanamke aliamua mwenyewe aingie mlango upi, na mume akifanya kazi misheni au halmashauri, haikubadilisha kitu.

Huku Marekani mlango wako umeshikwa na mwajiri. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, serikali ilizuia mishahara isipande, basi waajiri wakaanza kuvuta wafanyakazi kwa kuwapa bima, na mtindo ukabaki hivyo hadi leo. Kwa hiyo ukiajiriwa huku, unayemfanyia kazi ndiye pia anayechagua dawa gani bima yako inalipia.

Tulifika 2015 kwa bahati nasibu ya viza. Mume wangu alibeba boksi, mimi nikabeba boksi, miaka ikapita. Halafu corona ikaja, nyumba za wazee zikawa zinatafuta watu usiku na mchana. Nikasoma kozi ya usaidizi wa wauguzi, nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee iliyo chini ya Kanisa. Siitaji, na sitaki mtu aibashirie kwenye maoni. Msalaba ulikuwa juu ya kila mlango, asubuhi tulianza kwa sala, na nilipompigia mama akasema, "Mungu amekuwekea mahali pako." Niliamini hivyo kabisa.

Siku ya kusaini nilipewa kitabu cha bima cha kurasa zaidi ya mia. Afisa utumishi alikuwa mwanamke mpole sana. Aliniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Nikasaini mahali pote palipowekwa alama ya njano.

Miezi mitatu baadaye nikaenda kliniki kuweka kitanzi. Tulikuwa na watoto wawili, mume wangu na mimi tumeshakubaliana kwamba nirudi shule kusomea uuguzi kwanza. Dada wa mapokezi akaingiza namba ya kadi yangu, akaingiza tena, akaniambia bima yangu hailipii, na gharama yote pamoja na kuwekewa ni dola 1,140. Nilikuwa nalipwa dola 15 kwa saa. Nikamwambia ngoja niongee na kazini.

Yule afisa mpole alifungua kitabu kilekile nilichosaini, akanionyesha kwa kidole. Ukurasa wa 61, mistari minne. Imeandikwa kwamba kwa kufuata mafundisho ya Kanisa, mpango huu haulipii njia za kuzuia mimba wala kufunga kizazi. Kisha akasema kitu ambacho bado kinaniuma: "Nilidhani wewe ni Mkatoliki." Akakisema kwa upole. Niliondoka pale nikiwa na aibu kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni.

Sikuuliza popote tena. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kubwa kuliko kutosoma ukurasa wa 61. Niliona haya. Nilianza kudunduliza dola 100 kila mshahara kwenye bahasha, na kabla bahasha haijajaa nilikuwa mjamzito. Mwanangu wa tatu alizaliwa 2022. Ni furaha ya nyumba yetu, na siku moja akisoma haya ajue kwamba sijawahi kumtamani asiwepo. Ila shule niliiacha miaka miwili, na mume wangu akaongeza kazi ya pili ya usiku, tukawa tunaonana mlangoni.

Nikiwa likizo ya uzazi ndipo nilipoanza kusoma mambo haya, mtoto akiwa kifuani. Nitayaeleza kwa kifupi kwa sababu wengi mnachanganywa.

Sheria ya afya aliyoisaini Rais Obama Machi 2010 ilisema huduma za kinga zilipiwe na bima bila mgonjwa kuchangia chochote. Kuanzia Agosti 2012 uzazi wa mpango ukaingia humo, yaani kila aina ya njia iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani. Makanisa yenyewe na nyumba za ibada yaliondolewa moja kwa moja kwenye wajibu huo. Taasisi zilizo karibu nayo, kama hospitali, vyuo na mashirika ya huruma, ziliwekewa njia ya kati: taasisi inaandika kwamba dini yake inakataa, halafu kampuni ya bima inamlipia mfanyakazi kwa fedha nyingine, bila mkono wa mwajiri.

Hapo kesi zikaanza. Juni 2014 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba hata kampuni ya biashara, Hobby Lobby, maduka yale ya mapambo na maua ya bandia, inaweza kukataa kwa imani ya familia inayoimiliki. Wao walipinga njia nne, mbili kati yake ni vitanzi. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kupinga hukumu hiyo, akakumbusha kwamba bei ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu anayelipwa kima cha chini. Niliposoma sentensi ile nililia, kwa sababu kuna mtu aliyevaa joho Washington alikuwa amepiga hesabu ya bahasha yangu.

Halafu wakaja Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka 1839, linalotunza wazee wasiojiweza. Wao walisema hata kusaini ile karatasi ya kukataa ni kumfungulia mwingine mlango wa dhambi. Serikali ya Trump ikatunga kanuni, mwaka 2017 na tena 2018, zilizomruhusu mwajiri mwenye imani kujitoa kabisa, na ile njia ya kati ikawa hiari yake. Julai 2020 Mahakama Kuu ilisema kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba serikali ilikuwa na mamlaka ya kutunga kanuni hizo. Mimi nilisaini miezi sita baadaye.

Nitasema ninavyofikiri, na najua wapo watakaonikasirikia. Nimefanya kazi ya kugeuza wazee kitandani, kuwasafisha, kuwashika mkono wakikata roho. Nawaelewa masista wale kuliko watu wengi wanaowasema vibaya. Sista asilazimishwe kununua anachoamini ni dhambi. Papa Paulo VI aliandika msimamo huo wa Kanisa wa kukataa njia za kuzuia mimba Julai 1968, nasi sote tuliozaliwa kwenye vigango tunaujua. Lakini bima yangu ni ujira wangu. Nimeitolea mgongo wangu na usiku wangu. Mwajiri hanifuati dukani kuniuliza mshahara wake nimeununulia nini, basi kwa nini anifuate hadi chumba cha daktari? Ile njia ya kati ilimwacha sista na dhamiri yake na kuniacha mimi na yangu. Kuiondoa kulimwangukia mwanamke wa dola 15 kwa saa, na wengi wa wanawake hao kwenye nyumba za wazee ninazozijua ni sisi, Waafrika tuliokuja juzi.

Sasa ushauri, maana umeniuliza nisaini au nisisaini.

Uliza kabla hujasaini. Ukiweza, uliza kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Omba kitabu kizima cha mpango, usikubali ile karatasi ya muhtasari yenye picha za familia inayocheka. Fungua sehemu ya vitu visivyolipiwa. Ukikuta uzazi wa mpango umeandikwa humo, swali lako la pili liwe hili: je, kampuni ya bima inalipia pembeni? Kwa sababu mwajiri anaweza kukataa na bado akawa ameiacha ile njia ya kati, na hapo unatumiwa barua tofauti, wakati mwingine hata kadi ya pili. Uliza pia kama mwajiri analipa matibabu kutoka mfuko wake mwenyewe, kampuni ya bima ikishughulikia karatasi tu. Majimbo mengi yana sheria zao za kulazimisha bima ilipie uzazi wa mpango, ila sheria hizo haziwagusi waajiri wa namna hiyo.

Kama unatumia vidonge kwa ugonjwa, mfano damu nyingi au uvimbe kwenye mfuko wa mayai, mwambie daktari aandike sababu hiyo. Hata mafundisho ya Kanisa yanaruhusu dawa ile ikiwa ni tiba, na mipango mingi ya taasisi za Kikatoliki huilipia hivyo. Usidanganye lakini. Sema kweli ya mwili wako.

Na kuna zahanati zinazopata fedha za serikali kuu kwa ajili ya uzazi wa mpango tangu mwaka 1970. Wanapima kipato chako na idadi ya watu nyumbani, wanakutoza kulingana na hapo, na aliye chini ya mstari wa umaskini halipi. Moja ya zahanati hizo ilikuwa ndani ya jengo la afya la kaunti yetu, dakika tisa kutoka kwangu. Niliipita kila siku nikienda kazini na bahasha yangu ya dola mia mia. Baada ya kujifungua nikaingia, nikalipa dola 35, nikatoka na kitanzi. Mhudumu aliniuliza kama ninajisikia vibaya kwa sababu nilikuwa natetemeka. Hasira ndiyo ilikuwa inanitetemesha. Tangu Machi 2024 vipo pia vidonge vya kuzuia mimba vya Opill madukani bila cheti cha daktari, karibu dola 20 kwa mwezi, kwa wale ambao hata miadi ni shida.

Lakini juu ya yote uliza. Mabinti zangu, tumelelewa kunyamaza mbele ya masista na mapadri, tukidhani kuuliza ni utovu wa adabu. Si utovu wa adabu. Mtume Paulo aliuliza, Bikira Maria mwenyewe alimwuliza malaika, "Litakuwaje neno hili?" kabla hajakubali. Sasa wewe unasaini mkataba wa miaka ya uzazi wako bila swali moja? Uliza ofisini, uliza kampuni ya bima kwa namba iliyo nyuma ya kadi, uliza dada aliyetangulia. Usione haya kama nilivyoona mimi.

Mwaka huu nimefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi. Nimeuandika ukweli huu kwa furaha yote niliyo nayo, nikiwa na watoto watatu na usingizi wa saa nne kwa siku. Nilipoitwa kwenye usaili, hospitali mbili, moja ya Kanisa na moja ya kaunti, nilifika na daftari. Swali langu la kwanza kwa wote wawili lilikuwa kuhusu kitabu cha bima, ukurasa wa visivyolipiwa. Yule wa hospitali ya Kanisa hakukasirika hata kidogo. Alinitumia kitabu jioni ileile. Nikakisoma chote, nikachagua ya kaunti.

Nilimjibu msomaji wangu haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja, naye akanyamaza siku mbili. Jana ameandika tena. Alipiga simu hospitali, akauliza. Bima ya mwajiri hailipii, lakini kampuni ya bima inalipia pembeni, na barua yake ya maelezo ilikuwa ndani ya bahasha ya karatasi za ajira walizomtumia, imekunjwa, hajaifungua. Amesaini. Miadi yake ya kijiti ameiweka wiki ya pili tangu bima ianze, na ameniomba nimshikie mtoto.