Unahama GitHub? Msimbo ndio mzigo mwepesi

Tangu ofisi yetu ya Kijitonyama itoe miradi yake GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo wa programu, na kuihamishia kwenye seva yake yenyewe, swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa programu hapa Dar ni hili: "Kaka, mliuhamishaje msimbo wote ule?" Msimbo haukutusumbua. Tangu Linus Torvalds aiandike mwaka 2005, Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo GitHub inaitegemea, imejengwa hivi kwamba kila mwenye nakala anayo historia nzima ya mradi. Unaandika git clone --mirror, unapata matawi yote (njia sambamba za kazi) na tagi zote (alama za matoleo), kisha unaandika git push --mirror na anwani mpya. Kwa repo (hifadhi ya mradi mmoja) ya kawaida, chai haijapoa umeshamaliza. Kinachokushika shati ni vile vyote vinavyouzunguka msimbo, na ndivyo nataka tuvizungumze.

Kwanza sababu. GitHub ni huduma nzuri, na wengi wetu tumejifunzia kazi pale. Lakini ni mali ya Microsoft, iliyoinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na inafuata sheria za Marekani. Julai 2019 watengeneza programu wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa repo zao binafsi kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Wa Iran walisubiri hadi Januari 2021, GitHub ilipopata kibali cha kuwahudumia. Kosa lao lilikuwa mahali walipo tu.

Sisi tulisukumwa zaidi na mambo ya hapa nyumbani. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikasuasua nchi nzima. Kila mtu ofisini aliendelea kuandika kwenye kompyuta yake, maana kwa hilo Git haihitaji mtandao. Ila watu wawili waliokaa meza moja walishindwa kupeana kazi, kwa kuwa njia ya kutoka laptop hii hadi ile ilipita ng'ambo. Jambo hilo liliniuma sana, na hadi leo siwezi kulikubali kama hali ya kawaida.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Utasema msimbo si taarifa za mtu. Sawa, lakini fungua ripoti za hitilafu za mradi wowote wenye wateja. Utakuta picha ya skrini yenye jina la mteja, namba yake ya simu na salio lake, imebandikwa na mtu wa huduma kwa wateja aliyetaka kusaidia. Mkiamua kuhama, anzeni na miradi ya namna hiyo.

Tulichagua Forgejo, programu inayokupa huduma kama ya GitHub kwenye seva yako mwenyewe. Ilizaliwa mwaka 2022 kutoka Gitea, ambayo nayo ilitoka kwenye Gogs mwaka 2016, na iko chini ya Codeberg, chama kisicho cha faida chenye makao Berlin, ambacho pia huhifadhi miradi ya wazi ya watu. Ni programu ya faili moja, inaridhika na SQLite, kanzidata nyepesi, kwa timu ndogo, na inakaa vizuri kwenye kompyuta ndogo ya mtumba ya Kariakoo. GitLab, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni imara na ina mengi zaidi, ila inakula memori nyingi, na kwa timu ya watu wachache sioni haja. Mkinunua UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), chomekeni na ruta pamoja na swichi. Seva inayowaka huku ruta imezimika haimsaidii mtu.

Forgejo ina sehemu ya kuhamisha: unaipa anwani ya repo na tokeni (ufunguo wa kuingilia akaunti), unaweka tiki, na inavuta ripoti, maoni, lebo, matoleo na mapendekezo ya mabadiliko. Maoni yanakuja yakiwa na majina ya walioyaandika, ingawa hayaungani yenyewe na akaunti zao mpya. Funguo za siri za majaribio ya kiotomatiki haziji, na hazipaswi kuja. Kanuni za kulinda matawi haziji pia. Mafaili makubwa ya LFS, yanayotunzwa kando ya historia ya kawaida, yanahitaji hatua yake, git lfs fetch --all, kabla hujaamini kwamba unacho kila kitu.

Sasa pale panapowatesa watu. Anwani ya zamani imejificha ndani ya msimbo wenyewe. Tafuteni neno github.com kwenye kila repo, mstari kwa mstari. Mtalikuta kwenye .gitmodules, kwenye go.mod na kila faili la lugha ya Go linaloita maktaba zenu, kwenye Dockerfile, kwenye skripti ya kupandisha programu ambayo aliyeiandika ameshaacha kazi. Nyingine haziko kwenye repo kabisa: ziko kwenye seva ya mteja, ndani ya cron (ratiba ya kazi za kiotomatiki), zikivuta mabadiliko usiku. Andikeni orodha hiyo kabla ya kugusa chochote, na muulizeni kila aliyewahi kufunga mfumo kwa mteja. Sehemu hii ilitula muda kuliko nyingine zote, na sijutii hata saa moja.

Majaribio ya kiotomatiki ya Forgejo yanafanana na ya GitHub kiasi kwamba faili nyingi zitakubali kwa marekebisho madogo, lakini msitegemee kwamba zote zitakubali. Mashine inayoyaendesha iwe tofauti na yenye Forgejo, kwa sababu inaendesha msimbo wa yeyote aliyepeleka mabadiliko.

Je, seva iwe wazi kwa dunia? Kwa miradi ya wateja nasema hapana, bila kusita. Boti zinazokusanya data za kufundishia akili bandia hufungua kila ukurasa wa kila badiliko tangu siku ya kwanza ya mradi, na seva ndogo inalemewa. Anubis, kinga inayotumika sana sasa, iliandikwa mapema mwaka 2025 baada ya boti kuielemea seva ya Git ya mwandishi wake. Sisi tunaingia kwa WireGuard, njia ya faragha ya mtandao (VPN), na kwenye app.ini, faili la mipangilio la Forgejo, tumezima watu kujisajili wenyewe na tumelazimisha kuingia kabla ya kuona chochote.

Miradi ya wazi, ambayo yeyote anaweza kuona msimbo wake, ni habari nyingine. Hiyo inahitaji wapita njia. Mwishoni mwa 2025 lugha ya programu ya Zig ilihamia Codeberg, na naona hiyo ni njia nzuri kwa mradi wa wazi usiotaka kutunza seva. Kijana anayetafuta kazi asifute akaunti yake ya GitHub, maana waajiri wengi wanaangalia pale. Forgejo inaweza kupeleka nakala GitHub yenyewe kila mnapoongeza kitu.

Bekapu zinastahili kuogopwa. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ambayo kazi yake ndiyo hii, ilifuta data ya kanzidata yake kuu kwa bahati mbaya, ikagundua kwamba njia zake za bekapu hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo, na ikapoteza data ya takribani saa sita. Kwa hiyo amri ya bekapu, forgejo dump, kila usiku haitoshi. Chukueni bekapu hiyo, irejesheni kwenye mashine nyingine tupu, fungueni ripoti ya zamani, vuteni repo, jengeni programu. Rudieni zoezi hilo mara kwa mara. Nakala moja, iliyosimbwa, ikae nje ya jengo, kwa ajili ya moto, mafuriko na wezi.

Yote yakishatulia, wekeni repo za zamani kwenye hali ya kusomwa tu, na anwani mpya juu kabisa ya README (faili la maelezo ya mradi) kwa zile za wazi. Siku hiyohiyo futeni tokeni na funguo zote zilizotumika huko, pamoja na zile zilizosajiliwa kwenye seva za wateja, kwa sababu seva hizo bado zinaziamini.