Maharusi wapya mnaotaka kupungua pamoja, anzeni kwa kupunguza tui

Dadangu, kwanza hongera kwa harusi. Umesema tangu fungate iishe nguo zimewabana nyote wawili, mkaanza dayati, bwanako anapungua mbio na wewe hata kilo moja haitoki. Usivunjike moyo wallahi, wanaume wengi wana misuli zaidi kwa hivyo mwili wao unachoma chakula kingi hata wakikaa tu, sasa msishindane kwa mizani.

Hio ya kulala njaa wacheni, manake usiku wa manane mtaamka mmalize mahamri yote. Shida yetu hapa Lamu ni tui. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, vyote siku moja, na tui lina mafuta mengi, gramu moja ya mafuta ni kalori 9 wakati ya wanga ni 4! Chagueni kimoja tu kiwe na nazi, kama ni mbaazi basi samaki mchomeni kwa ndimu na pilipili. Na kwa sasa kila mtu na sahani yake, kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani.

Jimu ya nini, mkishaswali alfajiri shikeni njia ya kijiji cha Shela kwa miguu, maji yakitoka mtembee mchangani ndio miguu ifanye kazi haswa. WHO, shirika la afya duniani, wanasema mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Mamamkwe akileta biriani usikatae, pokea kwa heshima, onjeni, ilobaki wapelekeeni majirani.

Na kama umekosa siku zako, pima mimba kwanza kabla ya kuendelea na dayati yoyote.