Muulize Fundi: Mashine Inakesha Kama Mlinzi wa Ghala

SWALI: Shikamoo fundi. Mi kijana wa hapa Tanga, Ngamiani Barabara ya 12, narekodi kaswida na nyimbo za harusi kwenye chumba cha uani. Mac yenyewe bei siiwezi, na Logic Pro, programu ya kurekodia muziki, nimeshaizoea na kwenye Windows haipo, ndo nikajiundia Hackintosh, yaani kompyuta ya kawaida inayoendeshwa na macOS ya Apple: prosesa Core i7-8700K, mazabodi ya Z370, kadi ya picha RX 580 ya giga 8, ramu giga 32, macOS Monterey kupitia OpenCore (programu inayoiwezesha macOS kuwaka kwenye mashine isiyo ya Apple), na ile kadi ya Wi-Fi na Bluetooth inayochomolewa kwenye Mac za zamani. Kazi inapiga vizuri tu ila shida ni mbili. Kwanza nikiiambia ilale, skrini inazima, feni zinasimama, nahesabu moja mbili tatu inaamka yenyewe. Kuna siku inalala kweli alafu saa tisa usiku inaunguruma, mke wangu anashtuka anadhani mwizi. Pili ni joto, nikiwa natoa wimbo uliokamilika inafika 97 na kuwa nzito, na hata ikikaa bila kazi haishuki chini ya 50. Fundi mmoja wa mtaani kaniambia huo ni ugonjwa mmoja, haipumziki ndo maana inachemka, nibadilishe pawasaplai. Nimebadilisha, hali ileile. Tena feni za kadi ya picha muda mwingi zimesimama kabisa, ndo zimekufa au? Nisaidie kabla sijaitupa baharini Raskazone.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiitupe, samaki wa Raskazone hawana shida na Logic. Pawasaplai mpya iache tu humo maana pesa ishatoka, ila huyo fundi wako kakupoteza. Kukosa usingizi na kuchemka ni maradhi mawili tofauti, hayajuani hata kwa salamu, na ukiyatibu kwa dawa moja utabadilisha kila kifaa mpaka ubaki na kesi tupu.

Tuanze na usingizi. Kompyuta ya mezani ikilala sawasawa inazima prosesa, diski na feni zote, inabaki ramu peke yake ikinyonya umeme kidogo ili ikumbuke ulipoishia. We umesema feni zinasimama, basi kulala inajua. Ingekuwa skrini nyeusi na feni zinaendelea kuzunguka ningekwambia haijalala, imezima macho tu. Kwa hiyo swali si kwa nini hailali, swali ni nani anaiamsha, na habari njema ni kwamba anayeiamsha anaacha jina mlangoni. Fungua Terminal, programu ya kuandikia amri, andika hivi:

pmset -g log | grep "due to"

Shuka mpaka mistari ya mwisho. Ukiona XHC basi ni upande wa USB. Ukiona RTC ni saa ya ndani ya mashine, yaani kuna mtu kaitegea alamu. Ukiona GLAN ni waya wa mtandao. Usiguse kitu kingine chochote kabla hujasoma hapo, maana hapo ndo daktari anaposikiliza kifua, dukani utaenda baadae.

Hiyo ya kuamka baada ya sekunde tatu mi naweka dau langu kwenye XHC, na mtuhumiwa wa kwanza ni hiyo kadi yako ya Bluetooth. Watu wengi hawajui kwamba upande wa Wi-Fi unapita kwenye mazabodi lakini Bluetooth inakwenda kwa kawaya kadogo mpaka kwenye pini za USB za ndani, kwa hiyo macho ya macOS yanaiona kama kitu cha USB. Sasa kwenye ramani ya USB, yaani faili linaloiambia macOS matundu yako ya USB ni yapi, kila tundu lina aina yake, na tundu la Bluetooth linatakiwa liandikwe namba 255, maana yake hili ni la ndani, halichomolewi. Likiandikwa kama tundu la kawaida la nje basi kila mashine ikitaka kulala inakuwa kama kuna mtu kachomoa na kuchomeka kitu, inaamka kuja kuangalia. Hakikisha kabla ya kubadilisha: zima, fungua kesi, toa hako kawaya, chomoa na USB zote zingine mpaka interfesi ya kurekodia, bakisha kibodi tu, washa ilaze. Ikilala mpaka asubuhi rudisha kimoja kimoja na ulaze kila ukirudisha, usirudishe vitu vitatu kwa mpigo utarudi palepale ulipoanza.

Ukishamjua mwizi tengeneza ramani ya USB upya kwa USBToolBox au USBMap, programu za kazi hiyo. macOS inakubali matundu 15 tu kwa kila kontrola (chipu inayoongoza matundu), na mazabodi za Z370 zina zaidi ya hapo, alafu kumbuka kila tundu la USB 3 linahesabiwa mara mbili maana ndani yake kuna la USB 2. Kama ulifuata maelekezo ya zamani ukawasha ile XhciPortLimit ya OpenCore inayoondoa kikomo hicho ukasahau, ijue kuanzia macOS Big Sur 11.3 haitegemeki tena, izime na utumie ramani.

Na ikitokea umechomoa kila kitu na bado inaamka palepale? Hapo tunaingia kwenye mazabodi yenyewe. Ndani ya majedwali yake ya ACPI, yale yanayoiambia macOS au Windows vifaa vilivyomo, kuna kipande kinaitwa GPRW, kwenye mazabodi nyingine UPRW, kazi yake kutaja vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha mashine. Windows inakielewa, macOS inakisoma vibaya inaamka hapohapo. Dawa yake ni faili la marekebisho liitwalo SSDT-GPRW kwenye OpenCore pamoja na pachi (kiraka) ya kubadilisha jina GPRW kuwa XPRW, na nasema pamoja kwa sababu kila wiki napata mtu kaweka faili kaacha pachi alafu ananiambia dawa haifanyi kazi. Bwana wee, nusu dozi! Ila ujue ukishaiweka, kibodi na mausi havitaamsha tena mashine, utabonyeza kitufe cha kuwashia. Mi kwangu naona ni raha. Zamani mashine yangu ilikuwa inaamka kila usiku na nilihangaika nayo kama wiki mbili, kumbe pangaboi likizunguka meza inatikisika kidogo, mausi inasogea unywele mmoja, mashine inadhani nimekuja kufanya kazi. Sikuamini mpaka siku nilipoigeuza mausi kichwa chini nikalala.

Hiyo ya saa tisa usiku karibu hakika utakuta RTC, na hapo hakuna jini. Ni Power Nap, mashine inaamka kimyakimya kuangalia barua na apdeti, sema Mac halisi inaamka kwa kunong'ona na yako inaamka kwa feni zote. Ingia Energy Saver ondoa tiki ya Power Nap na ile ya kuamka kwa ajili ya mtandao, alafu Terminal:

sudo pmset -a powernap 0 standby 0 autopoweroff 0 tcpkeepalive 0 hibernatemode 0

Itakuonya kuhusu Find My Mac, kubali tu, Hackintosh ya uani haiibiwi ikatafutwa kwa ramani. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe, nako zima Wake on LAN, ile ya kuamshwa kwa waya wa mtandao.

Kitu kingine ambacho hujauliza ila utakuja kuuliza: ukiacha Logic wazi na kuondoka, usitegemee ilale yenyewe. Andika pmset -g assertions utaona coreaudiod, huduma ya sauti ya macOS, imeshika mlango, maana sauti ikiwa wazi macOS haithubutu kulala peke yake. Hiyo si hitilafu, ni adabu.

Na hapa nikusihi. Hiyo hibernatemode 0 maana yake kazi yako yote inabaki kwenye ramu tu. Umeme ukikatika mashine ikiwa imelala, imekwenda na maji, na sisi watu wa hapa tunajua umeme ulivyo, waja leo waondoka leo. Sevu kabla hujalaza, na kama unaweza tafuta UPS (betri ya akiba) hata ndogo, mashine iliyolala inakula wati chache sana kwa hiyo UPS ambayo ingekupa dakika kumi ukiwa kazini itakushikilia muda mrefu tu ikiwa usingizini.

Sasa joto. Kwanza toa kichwani kwamba macOS ndo inaendesha feni zako. Kwenye Mac halisi kuna chipu ya SMC inayofanya hiyo kazi, kwako kuna VirtualSMC ambayo ni muigizaji, anajua kusoma vipimo tu, usukani hana. Programu za kuongeza kasi ya feni unazoziona mtandaoni zimetengenezwa kwa Mac halisi, kwako ni mapambo. Feni zako zinaongozwa na mazabodi, kwa hiyo ingia BIOS uweke mwenyewe kwamba kwa nyuzi kadhaa feni ikimbie kiasi kadhaa. Ukiwa hapohapo angalia plagi: feni ya pini 4 iweke PWM, ya pini 3 iweke DC, maana ya pini 3 ukiiwekea PWM itakimbia mwisho wa nguvu masaa yote hata kama mashine ni baridi.

Alafu hesabu ya Tanga. Msimu wa kaskazi chumba cha uani kinafika 31 au 32 mchana bila kujitahidi, na hakuna feni duniani inayoweza kushusha prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Kwa hiyo 50 bila kazi ndani ya chumba cha 31 ni 19 tu juu ya chumba, si nzuri sana ila si msiba. Anayejisifu mtandaoni kwamba yake ni 30 muulize anakaa wapi, utakuta nje kuna theluji. Pangaboi halipozi hewa, linaizungusha, ila linasaidia kuondoa moto uliojazana nyuma ya kesi, basi isogeze kesi mbali na ukuta angalau shubiri mbili na usiifungie kwenye kabati la meza.

97 ndo inaniuma. Hiyo prosesa kikomo chake ni 100, ikikaribia hapo inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, ndo huo uzito unaousikia. Na mi nadhani mchawi si vumbi peke yake. 8700K kwa asili ni ya wati 95, kor zote sita (injini za ndani ya prosesa) zikifanya kazi pamoja zinatakiwa kwenda 4.3 GHz, ile 4.7 ni ya kor moja. Lakini mazabodi nyingi za Z370 zinakuja na kitu kimewashwa kiwandani, kwa jina la Multi-Core Enhancement au jina linalofanana na hilo, kinazilazimisha kor zote kwenda 4.7 na kuondoa kikomo cha wati. Zima hicho, weka kikomo cha wati 95, utapoteza mwendo kidogo ambao kwenye kaswida hata hutauona na joto litashuka kwa kiasi cha kukushangaza. Hii haina gharama hata shilingi, ndo maana naitanguliza kabla ya kukwambia ununue hitisinki kubwa, kile chuma cha kupoza prosesa. Angalia pia kwenye config, faili la mipangilio ya OpenCore, kama umeandika iMac19,1, jina la Mac ambayo yako inajifanya kuwa, hiyo ndo inayoendana na prosesa yako, ukiandika mashine nyingine unaweza kukuta prosesa haijui kupumzika na inabaki juu hata ukiwa husogezi kitu.

Baada ya hapo ndo usafi. Bahari unayoitazama jioni ndo inayokula nondo za dirisha lako, na vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi linaganda kwenye mapezi ya hitisinki kama uji uliokauka, kupuliza tu halitoki. Toa hitisinki, isugue kwa brashi laini, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya ukubwa wa punje ya choroko, si kijiko. Na tafadhali usifungue ubavu wa kesi ukaweka feni ya mezani ipulize ndani. Itapoa wiki mbili, mwezi wa pili utakuwa umefuga kutu.

Feni za kadi ya picha hazijafa. RX 580 nyingi zimetengenezwa feni zisimame kadi ikiwa baridi, zinaanza ikikaribia nyuzi 60. Piga video nzito kama dakika kumi uziangalie, zikizunguka zifumbie macho.

Na kwa sababu umeniuliza kama mzee: leseni ya macOS inaruhusu kuiweka kwenye mashine za Apple tu, hilo ulijue ukiwa macho. Pia Apple walishatangaza 2025 kwamba Tahoe ndo macOS ya mwisho kwa prosesa za Intel. Kwa hiyo hii itengeneze ikae, ila usiitilie pesa nyingine kubwa, weka kibubu cha Mac mini.

SWALI: Fundi, mbona mnahangaika na kulala, si mtu azime tu akawashe kesho? Mzee wa Chuda.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa kompyuta ya kuandikia barua uko sahihi kabisa. Ila huyu kijana ana nyimbo ya traki arobaini imefunguliwa, kuifungua upya mpaka kila kitu kikae sawa chai inapoa.

SWALI: Habari fundi, laptopu yangu ya Windows inachemka nikiwa naangalia tamthilia kitandani, nayo nizime hiyo Multi-Core? Dada wa Chumbageni.

JIBU: Nzuri dada yangu. Hapana, we itoe kwenye godoro. Inavuta hewa kwa chini na shuka imeiziba pua. Iweke juu ya sinia la bati.