Maswali ya Wasomaji: Timu Ikianza kwa Kishindo, Ikamaliza kwa Majonzi

Barua za mwezi huu kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zina kilio kimoja: matumaini yalikuwa makubwa, msimu ukawa mbovu. Tumechagua tano. Ya kwanza haihusu soka kabisa, ila jibu lake litawafaa hata wanaokaa jukwaani Sokoine.

Mimi ni mwanafunzi, nakaa Iyunga, Mbeya. Nafuatilia besiboli ya Marekani kwa simu. Nilichagua New York Mets baada ya kumsajili Juan Soto. Mwaka 2025 walianza wakiwa moto, nikawatangazia wenzangu bwenini kwamba ubingwa ni wetu. Mwisho hawakufika hata hatua ya mtoano. Nimeshindwa kuelewa ilikuwaje, na usingizi wenyewe nilishaupoteza.

Pole sana, kijana wetu. Uliyemwamini si mchezaji wa kubahatisha: Soto alisaini mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Na hadi tarehe 12 Juni 2025 Mets walikuwa wameshinda mechi 45 na kupoteza 24, rekodi bora kuliko timu zote 30 za ligi kuu ya Marekani. Mtu yeyote angepata matumaini.

Sasa fanya hesabu. Walimaliza na ushindi 83 na vipigo 79. Toa zile za mwanzo, unabaki na ushindi 38 na vipigo 55 katika mechi 93. Kwanza walikuwa wanashinda mechi 65 katika kila 100, kisha wakashuka hadi 41. Siku ya mwisho, Septemba 28, walifungwa 4-0 na Miami Marlins. Cincinnati Reds, waliokuwa wakigombea nafasi ileile ya mtoano, nao walipoteza siku hiyohiyo, hivyo timu zote mbili zikawa na 83 kwa 79, na Reds wakapita kwa sababu walikuwa wamewazidi Mets katika mechi walizokutana. Ushindi mmoja tu zaidi, popote pale kati ya Machi na Septemba, ungetosha. Hilo ndilo linalouma, na hatutakwambia lisikuume.

Chanzo kinaonekana ukijua pa kutazama. Tarehe hiyohiyo 12 Juni, mrushaji wao (anayemrushia mpigaji wa wapinzani mpira) Kodai Senga aliumia msuli wa nyuma ya paja akikimbilia kituo cha kwanza. Besiboli ina vipindi tisa, na mrushaji anayeanza anatakiwa abebe angalau sita. Akitoka kipindi cha tano, warushaji wa akiba wanabeba vinne vilivyobaki. Kwa kuwa mechi huchezwa karibu kila siku, mikono ileile inaitwa tena kesho na keshokutwa. Mkono uliochoka unapunguza kasi ya mpira na kukosa shabaha, na mikimbio, yaani alama za besiboli, inaingia mwishoni mwa mechi, timu ikiwa inaongoza. Kwa hiyo msimu ujao, kabla ya kutazama mpigaji ghali, tazama warushaji watano wanaoanza: wangapi wazima, na wanafika kipindi cha ngapi.

Kipimo cha pili kinahitaji kalamu tu. Chukua mikimbio ambayo timu imefunga, izidishe kwa yenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa mikimbio iliyofungwa. Kisha gawa ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Mfano, timu iliyofunga 700 na kufungwa 650: 490,000 gawanya kwa 912,500 unapata 0.537. Zidisha kwa mechi 162 za msimu, unapata ushindi 87 hivi. Ukiona timu ina ushindi mwingi kupita hesabu hiyo, ujue imebebwa na mechi za tofauti ya mkimbio mmoja, na mechi za namna hiyo hazidumu upande mmoja. Ukiona ina ushindi pungufu, usikate tamaa mapema. Fanya hesabu hii baada ya mechi 50, kisha 100. Kabla ya 50 haina maana kubwa.

Na zoea vipigo. Timu inayoshinda mechi 100 ni timu tishio, lakini bado imepoteza 62. Anayeumia kwa kila kipigo kama anavyoumia shabiki wa soka atakuwa na msiba siku mbili au tatu kila wiki kwa miezi sita. Hesabu kwa mfululizo: timu hukutana mara tatu au nne kwa siku zinazofuatana. Uliza tu, tumeshinda mfululizo huu au tumeupoteza?

Kuhusu usingizi, mechi ya saa 1:10 jioni New York ni saa 8:10 usiku kwako. Tofauti ni saa saba kwa msimu mzima, na mechi huchukua zaidi kidogo ya saa mbili na nusu, kwa hiyo utamaliza karibu saa 11 alfajiri na kipindi cha darasani kinakusubiri. Achana nazo, tazama matokeo ukiamka. Mechi za pwani ya magharibi zinaanza saa 11:10 alfajiri, kwa hiyo anayeamka mapema anaweza kuona nusu yake. Zako hasa ni za Jumapili mchana: saa 7:40 mchana kwao ni saa 2:40 usiku hapa. Moja kwa wiki inatosha kukuweka karibu na timu.

Kihesa, Iringa: Timu ya kwetu ilipopanda daraja tulijua itasumbua vigogo. Imeburuza mkia. Je, tulitarajia kupita kiasi, au tumeangushwa?

Matarajio yenu hayakutoka hewani, kaka. Nyanda za juu kusini zimewahi kuona makubwa. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Mbeya City, ikicheza ligi kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2013/14, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba wakiwa chini yake. Ihefu ya Mbarali ndiyo iliyokatisha safari ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Haya yalitokea, na mtu aliyeyaona ana haki ya kuota.

Ila yapo mengine tunayasahau. Njombe Mji ilipanda ikashuka msimu uleule wa 2017/18. KenGold ya Chunya ikapita njia hiyohiyo 2024/25. Lipuli yenu ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019 dhidi ya Azam, na mwaka uliofuata ikashuka daraja. Mbeya City yenyewe ilishuka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo, ikarudi 2025.

Kwa timu iliyopanda, lengo la kwanza ni kubaki. Ligi yenye timu 16 ina mechi 30. Pointi 36, yaani wastani wa 1.2 kwa mechi, mara nyingi hukuepusha na mchujo. Zigawe hivi: nyumbani mechi 15, ushindi 8 na sare 4, unapata 28. Zinabaki pointi 8 za ugenini: ushindi mmoja na sare tano. Ukiiandika hivyo kwenye karatasi mwezi wa nane, sare ya Bukoba au Kigoma haitakukera tena. Utaifurahia, na ni haki yake.

Halafu igawe ligi katika mafungu matatu ya mechi kumi, na uweke daftari. Kila mechi andika vitu vinne: mashuti yetu yaliyolenga goli, mashuti yao yaliyolenga, mabao tuliyofungwa kwa kona na faulo, na mabao tuliyofungwa baada ya dakika ya 75. Baada ya mechi kumi daftari linaanza kuzungumza. Kama tunalenga goli kuliko wapinzani lakini tunafungwa, tatizo ni umaliziaji au bahati, na mambo yanaweza kugeuka bila kumfukuza mtu. Kama tunazidiwa mashuti lakini tunashinda bao moja bao moja, huo ndio mwanzo wa kishindo unaodanganya, jiandae. Mabao ya kona yakiwa mengi, ni kazi ya uwanja wa mazoezi. Ya dakika za mwisho yakiwa mengi, ni pumzi au benchi jembamba.

Kuna sababu mbili za kwetu ambazo watu wa Dar es Salaam hawazioni. Moja ni mvua. Ligi huanza kiangazi uwanja ukiwa mkavu, na timu ya pasi fupi inapendeza. Kuanzia Desemba hadi Aprili uwanja unalowa, mpira unakwama, na aliyesajili viungo wepesi tupu bila washambuliaji wa mipira ya juu anaanza kutoa sare za 0-0. Nyingine ni barabara. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Timu isiyo na fedha inasafiri kwa basi siku nzima, inalala usiku mmoja, inacheza. Ratiba ikiweka mechi mbili za ugenini mfululizo, ziwekee matarajio madogo kabla hata hazijachezwa.

Ongeza dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu. Mshambuliaji wenu akifunga mabao sita hadi Desemba, atatakiwa na wenye fedha. Klabu ikimuuza bila kuwa na mbadala, nusu ya pili ya msimu ni timu nyingine yenye jezi ileile. Hapo, kaka, ndipo mna haki ya kusema mmeangushwa.

Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki, Mwanjelwa. Tulianza msimu tukiwa 60, kila mmoja akichanga 2,000 kwa mwezi. Sasa wanaochanga ni 17, na safari ya ugenini imetushinda baada ya kulipia gari. Nifanyeje?

Katibu, tenganisha michango. Watu wengi hawajaikimbia timu, wamekimbia mchango ambao hawaoni ulipokwenda. Mchango wa uanachama uwe 1,000, wa kuliweka tawi hai: ngoma, vitambaa, kodi ya kibanda, na rambirambi. Leo unapata 34,000 kwa watu 17. Mkifika 35 tu kwa 1,000 umeshapita hapo. Mchango wa safari uwe wake, walipe wanaosafiri peke yao.

Gari ndiko matawi mengi yanakoangukia. Coaster ya viti 28 ukiikodi kwa 560,000, kila mmoja ni 20,000. Wakitokea 20, inakuwa 28,000, na hao 20 wataanza kunung'unika kituoni. Kwa hiyo usitoe kishika nafasi mpaka theluthi mbili ya viti iwe imelipwa taslimu. Ahadi za mdomo zisihesabiwe. Tangaza siku ya mwisho iwe siku tano kabla ya safari. Anayejitoa baada ya hapo arudishiwe tu akipatikana wa kumrithi kiti. Kodi gari kwa maandishi, bei ikitaja mafuta na posho ya dereva, na hakikisha lina kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, cha safari ya kukodi, maana kukamatwa njiani Makambako kunamaliza safari na fedha pamoja.

Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi, si kwenye simu ya mweka hazina, na watu wawili waidhinishe kila kutoa. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, hata kama ni mistari minne. Kisha wafuate wale 43 nyumba kwa nyumba, si kwa ujumbe wa kundi. Usianze na deni. Msamehe kila mtu malimbikizo hadi tarehe fulani, aanze upya. Na tafuteni jambo la kukutana lisilotegemea matokeo: mechi ya tawi na tawi jirani Jumapili asubuhi, au kumtembelea mwanachama mgonjwa. Matawi yanayokutana siku za ushindi pekee hufa kwenye msimu wa namna hii.

Makambako: Mume wangu alikuwa shabiki tu. Timu ilipoanza kufungwa akaanza kubeti "arudishe". Sasa ada ya mtoto imeguswa.

Mama, hili ni zito kuliko msimamo wa ligi. Mketi mchana, siku isiyo ya mechi, na mwonyeshe hesabu badala ya lawama. Mkeka wa mechi nane, ambao hulipa tu zote zikitiki, hata kila moja ikiwa na uwezekano wa 60 kwa 100, unatiki wote chini ya mara 2 katika mara 100. Kwa odi (kizidisho cha malipo) za 1.5 kila mechi, shilingi 1,000 italipa 25,600. Ili malipo yalingane na hatari hiyo, yangepaswa kuzidi 59,000. Tofauti hiyo ndiyo inayomla, hata akiwa anaijua timu vizuri. Na timu ya moyoni ndiyo mbaya zaidi kuibetia, kwa sababu anaona anachotamani.

Afute programu, aombe kampuni imfungie akaunti, na ajitoe kwenye makundi ya kuuza mikeka. Siku ya kipato, ada na chakula vitoke kwanza: lipeni shule moja kwa moja, akiba iende VICOBA ambako haitoki kwa kubonyeza simu usiku. Madeni yaandikwe yote siku hiyo, hata ya aibu. Akishindwa kuacha ingawa anataka, mwende hospitali mwonane na mtaalamu wa afya ya akili. Uraibu huu unatibika.

Tukuyu: Tunataka kuandika barua kwa uongozi, kocha aondoke. Tuandikeje?

Andikeni, lakini ulizeni kwanza: mkataba wake unaisha lini, na kuuvunja kutagharimu kiasi gani? Wachezaji wana mishahara ya miezi mingapi haijalipwa? Nani anachagua usajili, kocha au mwenyekiti? Kama mishahara haijalipwa au usajili si wake, kocha mpya atakuta shida ileile. Ukurasa mmoja, maswali hayo matatu, takwimu za daftari lenu za mechi kumi, sahihi za wanachama, na tarehe mnayoomba kujibiwa. Nakala moja mbaki nayo, ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.