Hamu ya nyumbani ina saa yake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ukihamia ng'ambo na hamu ya nyumbani ikakukaba, unafanyaje?" Majibu ya kawaida tunayajua: piga simu, tafuta Wakenya wenzako, songa ugali, sali. Nimeyafanya yote na sina ugomvi nayo. Ila jibu lililonisaidia mimi nimelipata kazini, kwa wazee wa Kijerumani ambao ukiwauliza Kisumu iko wapi hawana habari.

Mimi ni mzaliwa wa Manyatta, Kisumu. Mama yangu anauza omena, yaani dagaa wakavu, sokoni Kibuye. Nilikwenda Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi, yale ya miaka 3 ambayo unalipwa huku ukijifunza, nikabaki kufanya kazi katika makao ya wazee jimbo la Saxony, karibu na mpaka wa Poland. Wazee wengi ninaowahudumia wana dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Na mtu mwenye dimensia ana saa yake mbaya. Wakishakunywa kahawa ya alasiri na kula keki, mwanga ukianza kufifia dirishani, wanaanza kuinuka mmoja mmoja. Kuna nyanya mmoja ambaye huvaa koti, hutundika mkoba mkononi na kusimama mbele ya lifti. "Nifungulie mwanangu, naenda nyumbani. Watoto wanatoka shule na sijaweka chakula motoni." Hao watoto wenyewe wamestaafu.

Mgeni kazini humjibu, "Lakini nyanya, hapa ndipo nyumbani." Usijaribu. Atakupiga na huo mkoba, na atakuwa na haki. Tunachofundishwa ni kutobishana naye. Unamuuliza: nyumba yenyewe iko mtaa gani? Leo unapika nini? Ni nani anayefika wa kwanza? Anakueleza, wewe unasikiliza, mnatembea polepole kuelekea mezani, na pale kuna kapu la taulo zilizofuliwa. "Kabla hujaondoka, nisaidie kukunja hizi." Anavua koti mwenyewe. Anakunja taulo kwa ustadi ambao sitaufikia, huku akinikosoa pembe zangu.

Kuna mwingine aliyezaliwa Breslau, mji ambao tangu 1945 uko Poland na jina lake sasa ni Wrocław. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au walifukuzwa kutoka maeneo ya mashariki, na yeye, akiwa mtoto, alikuwa mmoja wao. Ameishi Saxony karibu umri wake wote. Ameolewa hapo, amezaa hapo, amemzika mume hapo. Akisema nyumbani, anamaanisha Breslau. Nilipomsikia niliacha kuuliza lile swali ambalo kila Mkenya mpya huuliza, kwamba hii hali itaisha lini. Kumbe inaweza isiishe, na mtu akaishi vizuri tu. Basi nikaanza kujihoji kama ninavyowahoji wazee wangu. Unataka nyumbani, sawa. Nyumbani wapi hasa? Saa ngapi? Kuna nini jikoni?

Kwanza saa. Nilikuwa najiambia kwamba ninaumwa na hamu mchana na usiku, lakini nilipochunguza niligundua ni Jumapili jioni. Ujerumani Jumapili maduka hufungwa kwa sheria, na jirani anatarajia kimya. Ukitoboa ukuta siku hiyo utasikia mlango ukigongwa. Mwezi wa Desemba jua linatua mnamo saa kumi. Sisi Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, jua letu halina ujanja, mwaka mzima linatua saa kumi na mbili na nusu na ushee. Kwa hiyo mimi niko gizani tangu saa kumi, kumekuwa kimya, na najua fika kwamba saa hiyo Manyatta, ambako ni saa mbili mbele, kwarara wanapiga kelele wakirudi mitini, kanisa la jirani linajaribu spika, muadhini anaita, na mama anaingia kutoka Kibuye na omena iliyobaki.

Hapo nilikuwa nikikimbilia simu. Niwaeleze kitu kuhusu hiyo simu. Ujerumani kuna makao ya wazee ambayo yamejenga kituo cha basi cha uongo nje ya mlango. Kimoja kilichojulikana sana ni cha Düsseldorf. Kuna benchi, nguzo na kibao, ila basi halipiti kamwe. Mzee anayetaka kwenda nyumbani anaketi pale, anangoja, hasira inashuka, muuguzi anakuja kumwambia basi limechelewa, twende tunywe kahawa kwanza. Wauguzi hubishana kama huo ni upole au ni kumdanganya mtu mzima. Mimi nilikuwa na kituo changu mfukoni. Nilikuwa natazama video ya mtu anayeendesha gari kutoka Kondele hadi Mamboleo, yote, pamoja na jamu. Nilitazama mazishi ya mjomba wangu huko Vihiga moja kwa moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mtandao ukikatika kila padri akifungua mdomo. Sisemi ni vibaya. Siku nyingine mtu anahitaji benchi la kukalia. Lakini unainuka pale ukiwa hujafika popote, na usiku umeingia.

Sasa jikoni kuna nini? Hili ndilo lililonichukua muda. Jumapili jioni, tangu nikiwa kidato cha pili, kazi yangu ilikuwa daftari la mama. Yeye anauza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na anakopesha, mimi napiga hesabu ya wiki. Nilipoondoka, mama aliamua kunihurumia. Daftari akampa mdogo wangu, na kila nikipiga simu nikaambiwa "sisi wazima, wewe jitunze." Nikawa mgeni wa heshima katika familia yangu. Yule nyanya wa lifti halilii nyumba. Anawalilia watoto wanaomngoja awapikie.

Nikadai daftari langu.

Mdogo wangu alilitoa bila kesi, hakuwahi kulipenda. Mama ndiye aliyesumbua, akisema nina kazi nyingi. Siku hizi kila Jumapili anapiga picha kurasa za wiki chini ya balbu ya jikoni na kunitumia. Kidole gumba chake huwa kimeingia pembeni, na karatasi inameremeta kwa vumbi la omena. Mama wa chapati, gorogoro mbili, amelipa moja. Mwalimu, nusu gorogoro, mwisho wa mwezi. Fundi wa redio, gorogoro moja, "kesho", na hiyo kesho imekuwepo tangu Pasaka.

"Mama, huyu fundi usimkopeshe tena."

"Wewe umekwenda kuogesha Wazungu, sasa unanifundisha biashara? Huyo ndiye aliyetufungia spika siku ya mazishi ya baba yenu na hakudai hata shilingi."

"Basi tuandike kwamba tumemsamehe, tufunge ukurasa."

"Usiandike! Akiona nimeandika hivyo hatalipa."

Tunabishana hadi bando ya mama inaisha. Na nikikata simu, mhariri, sina hamu. Nimechoka na watu wa nyumbani kama anavyochoka mtu aliye nyumbani.

Kuna atakayesema, si unatuma pesa? Natuma. Kwa hesabu ya Benki Kuu, mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na visenti vyangu vimo. Lakini pesa inaingia kwenye M-Pesa, simu inalia, unaandikiwa "asante mwanangu, Mungu akuzidishie", mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayegombana na mtu aliyetoka kumtumia hela. Nafikiri hiyo ndiyo sababu wengi wetu tunatuma na bado tunalia usiku.

Mengine nayataja haraka. Niliomba msimamizi wangu anipange zamu ya mchana Jumapili zinapoangukia upande wangu. Wenzangu wenye watoto wadogo walinipisha kwa furaha, na Jumapili ina nyongeza ya malipo ambayo kwa kiasi fulani haikatwi kodi. Siku hizo natoka usiku, nakuta picha za daftari kwenye simu, ugomvi tunauhamishia Jumatatu. Saa za kupiga simu mpange mapema: majira ya baridi Ujerumani iko saa mbili nyuma yetu, majira ya joto saa moja, na wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mama hajakubali jambo hili. Anasema saa ni saa.

Chakula. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya havipiti kwenye mzigo wa abiria, kwa hivyo sahau aliya, ile nyama ya kukaushwa, na mala ya nyanya. Samaki mkavu wa kula mwenyewe anapita, hadi kilo 20, na sijaona Mjaluo wala Mluhya aliyepungukiwa na kiwango hicho. Unga wa mahindi wa maduka yao ni wa manjano na ni chenga. Mweupe utaupata kwa maduka ya Waafrika, kwa bei ya kukusikitisha. Lakini mimi nilikuta kwamba omena ya kula peke yangu inaamsha hamu badala ya kuilaza. Madirisha yamefungwa kwa baridi, nyumba nzima inanuka kama ufuo wa wavuvi wa Dunga, halafu unaketi na sahani moja. Sasa nikikaanga namwalika mtu, mara nyingi mwenzangu wa kazini kutoka Ufilipino. Kwao samaki mkavu si jambo geni. Anakula hadi mchuzi, anadai ndimu, nami napata mtu wa kumwambia "ongeza, hujashiba."

Vikundi vya Wakenya ni vizuri kwa kuulizana mambo ya vibali na kodi. Kwa hamu ya nyumbani sivipendekezi sana. Niliokutana nao huzungumza zaidi kuhusu ploti.

Na kama muuguzi lazima niseme hili. Hamu ya nyumbani huja na kuondoka. Ikiwa wiki zinapita hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, hilo si la kutatuliwa na daftari wala omena. Nenda kwa daktari. Ujerumani bima ya afya ni lazima, unayo tayari, na ukiwa umeajiriwa zaidi ya mwezi mmoja daktari akikupumzisha mwajiri anakulipa hadi wiki 6. Wenzetu wengi wanaogopa wakidhani watafukuzwa nchini kwa kuugua.

Nawaandikia nikiwa likizoni hapa Manyatta, na nimejifunza jingine. Kisumu niliyokuwa naililia haipo yote. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ambako baba alikuwa akitupeleka matokeo ya mtihani yakiwa mazuri, vilibomolewa. Hilo nilikuwa nalijua kwa picha. Lililoniuma ni jingine: Jumapili ya kwanza nilivuta kiti jikoni, nikachukua daftari, mama akaninyang'anya. "Pumzika, uko likizo." Nikakaa sebuleni kama mkwe, nikaletewa soda kwenye trei. Hamu ya nyumbani ilinishika hapo hapo, mita chache kutoka jikoni kwetu. Niliinuka nikaenda kulichukua, naye akanifuata akilalamika, na tukalimaliza hadi kwa fundi wa redio, ambaye bado hajalipa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kabla ya kusafiri, na ni kwa familia kuliko kwa msafiri. Tangu serikali yetu na ya Ujerumani zitie sahihi makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, vijana wengi ninaowafahamu hapa na Kakamega wanasoma Kijerumani. Wazazi wanawanunulia sweta na masanduku. Nunueni. Ila msimgawie mdogo wake kila kazi aliyokuwa akiifanya. Mwachieni moja inayoweza kufanywa kwa mbali na ambayo isipofanywa mtakasirika. Na mama akiugua mwambieni siku hiyo hiyo, asisikie kutoka kwa binamu baada ya mwezi. Kumficha mtu habari ni kumtoa kwenye orodha ya watu wa nyumbani.

Binamu yangu anaondoka mwezi wa nane. Yeye ni katibu wa chama cha mazishi cha ukoo, mwandiko wake ni mzuri na wazee wanamwamini. Nimependekeza aende na ukatibu wake. Mweka hazina anapinga, anasema kumbukumbu za chama haziwezi kukaa Ulaya wakati maiti iko Vihiga. Nyanya anasema mwandiko ni mwandiko hata ukitokea mbinguni. Kikao ni Jumapili hii, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kupika.

Msomaji wenu,
Manyatta, Kisumu